Figo ni ya Dadangu. Na Miaka Hii Je, ni ya Nani?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 42, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Nina mke na watoto watatu. Jina langu naomba ulihifadhi, maana mji wetu ni mdogo na habari yangu wengi waijua, baadhi yao kwa kuwa walitoa pesa zao.

Figo zangu zote mbili zilikufa nikiwa na miaka 38, kwa sababu ya presha ambayo sikujua kuwa ninayo. Kwa miaka mitatu nikaishi kwa mashine ya kusafisha damu, Jumatatu na Alhamisi, saa nne kila kikao. Nimezihesabu saa hizo, zapita 1,200. Sijatia kule kungoja mashine iliyoharibika, wala siku ya pili yake, ambapo mtu huamka kama nguo iliyokamuliwa. Maji tuliruhusiwa nusu lita kwa siku, chai ikiwemo. Joto la Mombasa mwezi wa Machi walijua. Nilikuwa nikimpita muuza madafu pale karibu na Fort Jesus nikigeuza uso, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi, na mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi potasiamu yaweza kumsimamisha moyo.

Julai mwaka wa 2024 dadangu mdogo alinipa figo yake moja. Sikumwomba. Alikwenda akapimwa bila kuniambia, akaja na karatasi usiku tukiwa tunakula, akaiweka kando ya sahani yangu, akasema, “Yafaa.” Maneno yake yalikuwa hayo tu. Ili nipasuliwe, tuliuza kiwanja cha Mtwapa alichotuachia marehemu baba. Palipopunguka, watu wakachanga kwa simu kupitia kundi la WhatsApp.

Sasa ni miezi 14. Nilipokojoa mara ya kwanza baada ya miaka miwili ya ukavu, nililia mbele ya muuguzi. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo nazimeza saa moja asubuhi na saa moja jioni, sijakosa hata mara moja. Alhamdulillahi, vipimo ni vizuri.

Kinachonitesa ni wakati. Daktari alinieleza kuwa figo iliyotoka kwa mtu aliye hai hudumu kwa wastani miaka 15 hadi 20. Nilitoka chumbani mwake nikipiga hesabu: 56, au nikijaliwa, 61. Tangu siku hiyo sijui kukaa. Saa tisa za usiku niko macho. Nimejiandikia ratiba nikaibandika ukutani: Kiarabu baada ya Alfajiri, duka, kompyuta jioni, kitabu kimoja kila wiki, na Jumapili kujifunza kuogelea, mimi niliyezaliwa kisiwani nisijue kuogelea. Nikikaa barazani na wenzangu kunywa kahawa tungu, dakika kumi hazijesha nahisi kama ninaiba. Siku moja mmoja wa waliochanga alinikuta hapo akasema, “Mchango wetu huo, umekaa.” Wakacheka wote. Sijarudi tena kwenye baraza ile.

Sasa lililonileta kwako. Mashine zetu zilikuwa zikiharibika, na fundi akitoka mbali. Kuna wiki mashine mbili zilikufa pamoja, vikao vikasogezwa. Mzee niliyekuwa nikilala naye sambamba, kiti cha tatu, akaambiwa aje baada ya siku mbili. Hakuja. Sisemi ni mashine iliyomuua, alikuwa na maradhi mengi. Lakini tangu siku ile natamani kuzijua mashine zile kwa ndani. Niliomba nafasi ya stashahada ya uhandisi wa vifaa vya tiba kwa kutumia C+ yangu ya kidato cha nne ya mwaka wa 2001, na nimekubaliwa. Masomo ni ya mchana, miaka mitatu, yaanza Januari.

Kaka yangu mkubwa ndiye anayeendesha duka letu la leso pale Biashara Street. Miaka yote ya ugonjwa wangu alifungua na kufunga peke yake. Nilipomwonyesha barua ya chuo aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akasema, “Kiwanja kilikwenda, mimi nazeeka, na wewe wataka kukaa darasani na watoto wa miaka 19?” Hakupaza sauti. Na mimi naona ana haki. Mama yeye ataka nipumzike tu. Mke wangu alisema, “Ulipokuwa mgonjwa nilikuwa nikikuona zaidi.”

Dadangu hajasema lolote kuhusu chuo. Kila mwezi, tarehe ile ile ya upasuaji, humpelekea doti ya leso, nzuri kuliko zote tulizo nazo dukani. Juzi alifungua sanduku mbele yangu nikaziona zote 14, hazijakatwa wala kupindwa. Akaniambia, “Nimechoka na leso, kaka. Kaa unywe chai.” Sikukaa, nilikuwa na darasa la kompyuta.

Mama, nikienda chuo nitakuwa nimeila figo ya dadangu na kiwanja cha familia kwa tamaa yangu mwenyewe? Na nikibaki dukani, je, nilipona ili nipime leso? Miaka hii ni ya nani?

Mdeni, Mji wa Kale

*

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikakwama kwenye zile doti 14. Nitazirudia.

Kwanza nikwambie nilivyokuelewa, na nikikosea unisahihishe. Uhai wako umetoka kwenye mikono mingi kwa pamoja. Dada alitoa kiungo, kaka alitoa kiwanja na mabega yake, mke alitoa usingizi wake, na majirani walitoa walichojaliwa. Sasa kila saa unayoishi waiona ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Katikati ya hayo kuna jambo unalolitamani kwa dhati, na hujui kama una ruhusa ya kulitamani. Swali la chuo ndilo lenye tarehe, lakini nahisi la ruhusa ndilo linalokuamsha saa tisa za usiku.

Umejiita Mdeni. Sitakubishia kuwa una deni. Ninaloliona ni kwamba umeandika madeni mawili katika daftari moja, na wewe mtoto wa dukani wajua daftari la namna hiyo halifungiki. Kiwanja cha Mtwapa kina bei. Kaka alikuwa na fungu lake ndani yake, na mama, na dada pia. Hilo ni deni unaloweza kulikalia kwa kalamu na karatasi. Mnaweza kuligawa kwa miezi, mkalipunguza, au mwenyewe akakusamehe mbele ya mashahidi. Figo haina bei. Hata sheria ya Kenya imekataza kuuza kiungo cha mwanadamu. Kitu kisichouzika utakilipa kwa leso ngapi?

Tazama kilichotokea kwa kuchanganya haya. Dada, ambaye hajadai, wamlipa kila mwezi. Kaka, ambaye huenda kweli anadai, barua yako haisemi kama mmewahi kuketi naye mkataja hata shilingi moja. Ulimwonyesha barua ya chuo. Je, ulimwonyesha pia namna duka litakavyokwenda wewe ukiwa darasani, na namna fungu lake litakavyorudi? Yale maneno yake kuhusu watoto wa miaka 19 mimi siyasikii kama kukataa. Nasikia mtu aliyechoka, aliyeona kwamba msaidizi aliyemngoja miaka mitatu anaondoka tena. Nami naweza kukosea, wewe ndiwe umjuaye.

Sasa hiyo 56 na 61. Daktari alikwambia kweli, lakini wewe uliisikia kama tarehe iliyopigwa muhuri kwenye pakiti ya maziwa. Wastani ni hesabu inayowatia kapu moja waliopoteza figo mwaka wa kwanza na walioishi nayo miaka 30. Haisemi lolote juu yako wewe. Na siku figo hii ikichoka, mashine unayoijua ipo, na wapo waliopandikizwa mara ya pili. Naelewa kwa nini hutaki kusikia habari ya mashine tena. Hata hivyo mwisho wa figo na mwisho wa maisha ni mambo mawili, na kwenye ratiba yako naona umeyafanya moja. Kinachoirefushia figo maisha unakijua: dawa kwa wakati wake, damu kupimwa, maji, na presha iliyotulia. Kumbuka ni presha iliyokula zile za kwanza. Mtu anayepata usingizi wa muda wa saa nne au tano tu kila usiku kwa kuogopa kupoteza muda, presha yake yaweza kuwa inapanda kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa nina jambo la kukuuliza kabla hatujasema kuwa yote ni ya moyo. Wengi waliopandikizwa figo hupewa prednisolone pamoja na dawa nyingine, na dawa hiyo yajulikana kwa kuiba usingizi na kuifanya akili ikimbie. Kama imo katika zako, mwambie daktari wazi: “Naamka saa tisa, siwezi kutulia.” Aangalie kipimo, aangalie na saa unayoimeza. Wewe mwenyewe usipunguze hata kidonge kimoja, maana ukipunguza bila yeye waupa mwili nafasi ya kuishambulia figo. Na kama si dawa, bado mwambie. Hofu na huzuni baada ya kupandikizwa ni jambo wanaloliona kila siku, hutakuwa wa kwanza kulitaja.

Nije kwenye chuo. Nilipofika kwa mzee wa kiti cha tatu, niliweka barua chini kwa muda. Mungu amrehemu. Nakuuliza kwa upole, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe: wazipenda mashine, au ni malipo mengine tena, safari hii kwa mtu aliyekwisha kwenda? Yaweza kuwa yote mawili, na si vibaya. Mafundi wazuri wengi waliingia kazini kwa sababu ya kilio fulani. Lakini kilio peke yake hakimbebi mtu miaka mitatu ya hesabu na umeme. Ipo njia rahisi ya kujipima kabla ya Januari. Tafuta fundi wa vifaa vya hospitali, umwombe ushinde naye siku mbili tatu akifungua mashine, umshikie tochi. Ukirudi nyumbani na maswali zaidi ya uliyokwenda nayo, hiyo ni habari. Ukirudi na uchungu tu wa siku zile, hiyo pia ni habari.

Ukienda Januari, nafasi hutaipoteza, na ari unayo. Hatari zake ni mbili. Ya kwanza ni kaka na duka, nimeshaisema. Ya pili ni kinga ya mwili wako, ambayo dawa zimeipunguza makusudi. Fundi wa vifaa vya tiba huingia wodini, na wodi ina kikohozi cha kila aina. Kabla hujalipa karo hata shilingi, keti na daktari wako umuulize kazi hiyo yafaa kwa mtu kama wewe, ni sehemu zipi za hospitali uziepuke, na chanjo zipi waruhusiwa, kwa sababu zile zenye virusi hai hazifai kwa anayetumia dawa kama zako. Huenda akakuelekeza upande wa karakana zaidi ya wodi. Huenda akasema subiri kidogo. Jambo hili halikuwemo kabisa katika barua yako, na mimi nisingependa ulijue baada ya mwaka wa kwanza.

Ukingoja mwaka mmoja, waweza kumpa kaka mwaka wa kupumua, ukapunguza deni la kiwanja kwa pesa zinazoonekana, na mwili ukazidi kukaa sawa. Hofu yangu hapo ni kwamba mwaka mmoja dukani una tabia ya kuzaa mwingine. Ukichagua njia hii, iandikeni mwezi na mwaka, wewe na kaka, kila mmoja awe na nakala yake. Bila hivyo utapima leso huku ukimtazama kwa jicho la kinyongo, naye hatajua kosa lake.

Wapo watakaokwambia ufanye yote mawili, chuo mchana na duka jioni na Jumamosi. Yawezekana, ila nakuogopea njia hii kuliko hizo nyingine, kwa sababu ndiyo inayofanana sana na ile ratiba ukutani. Ukiichukua, kitu kingine hakina budi kutoka. Kiarabu kitangoja. Kuogelea nako, na hata hivyo kabla ya kuingia majini muulize daktari ni maji gani yasiyo na hatari kwako.

Ratiba hiyo nimeitazama kwa kadiri ulivyonieleza. Ina Kiarabu, kompyuta, vitabu na bahari. Haina jina la mtu hata mmoja. Mkeo alikwambia neno zito kuliko yote yaliyomo kwenye barua hii, nawe umeliandika kwa sentensi moja ukapita. Wakati ule wa mashine, siku tatu nne kwa wiki ulikuwa umelala nyumbani, dhaifu, lakini ulikuwepo. Naamini hakumkumbuka mgonjwa, alimkumbuka mume. Unajitahidi kukua, na ni jambo jema, sitakukatisha tamaa. Nauliza tu: katika miezi hii 14 umejifunza maneno mangapi ya Kiarabu, na mtoto wako wa mwisho siku hizi apenda nini?

Yule wa barazani nimemfikiria pia. Huenda alikusudia kukuchoma, wapo watu hivyo. Lakini yasome tena maneno yake. “Mchango wetu huo, umekaa.” Mtu aliyetoa pesa zake ulipokuwa umelazwa, siku moja akapita akakuta umekaa wima, kikombe mkononi, wacheka na wenzako. Huenda hicho ndicho alicholipia. Kahawa yake ya baraza huenda ilikuwa tamu zaidi siku ile kwa kukuona wewe. Ukapotea, na sasa hakuoni tena.

Na dafu je? Umenieleza ulivyogeuza uso miaka mitatu, lakini hukusema kama umeshalinywa. Miezi 14 ni mingi. Muulize daktari kwanza, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi hupandisha potasiamu hata figo ikiwa nzima, atakwambia ni kiasi gani. Akikuruhusu, nenda na mkeo. Lisiingie kwenye ratiba.

Sasa dada. Kati ya watu wote uliowataja, yeye ndiye uliyemwandikia mengi na kumsikiliza machache. Hujui aonavyo habari ya chuo kwa sababu hujamuuliza. Huenda atafurahi. Huenda ataogopa kuwa utajichosha na figo iharibike, nayo ilikuwa yake, ana haki ya kuogopa. Huenda ana haja zake ambazo hajazitaja kwa sababu kila ukienda waenda na doti mkononi na mguu mmoja mlangoni. Mtu akiletewa zawadi kila tarehe ya upasuaji, kila mwezi akumbushwa kuwa alipasuliwa. Leso isiyokatwa wala kupindwa haivaliki, mwanangu, na wewe wajua hivyo kuliko mimi.

Nenda kwake siku isiyokuwa na tarehe, alasiri, mikono mitupu. Alikwambia ukae unywe chai, basi kaa unywe chai. Mpe barua ya chuo aisome mwenyewe. Mkimaliza, muulize mara ya mwisho alikwenda kupimwa lini. Aliyetoa figo naye anatakiwa apimwe presha, damu na mkojo angalau mara moja kwa mwaka maisha yake yote, na katika familia nyingi ninazozijua macho yote humfuata aliyepokea, aliyetoa akasahauliwa. Kama mwaka umepita bila yeye kwenda, mtafute siku mwende wote wawili.